Dakta Williamson wa Mwadui na Riziki Itegemeayo Kitu Kimoja

Katika historia ya madini ya nchi yetu, hapana jina la mgeni linalotajwa mara nyingi kama jina la Dakta John Thoburn Williamson, Mkanada aliyegundua almasi za Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Imepita miaka zaidi ya sitini tangu afariki dunia, lakini mgodi ule bado wajulikana kwa jina lake, na wazee wa Shinyanga bado husimulia habari zake kama wasimuliavyo habari za watemi wa zamani. Leo tumeona yafaa tuyaeleze maisha yake. Hatufanyi hivyo ili kumtukuza wala ili kumshutumu, bali kwa sababu maisha hayo yana funzo kwa taifa lo lote linaloegemeza riziki yake juu ya kitu kimoja kitokacho ardhini, kiwe almasi, kiwe dhahabu, kiwe mafuta, kiwe gesi.

Funzo hili twalielekeza kwanza kwa ndugu zetu wa Runzewe. Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, ulikuwa upande wa Mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoanzishwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Ni mji ulio juu ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda, na malori ya mizigo hupita hapo usiku na mchana. Lakini zaidi ya barabara hiyo, Runzewe ni mji ulio ndani ya ukanda wa dhahabu. Vijana wengi huja kutafuta maduara ya kuchimba, na wafanya biashara huja kuwafuata vijana. Bei ya dhahabu ipandapo huko ng'ambo, biashara huchangamka. Ishukapo, soko hupooza. Basi mtu wa Runzewe ajua vema, kuliko wasomi wengi, maana ya kuamka asubuhi na kuulizia bei ambayo hakuipanga yeye.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akajifunza elimu ya miamba mpaka akapata shahada ya udaktari wa elimu hiyo. Miaka ile ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi duniani, na kazi kwa wataalamu vijana zilikuwa haba. Alikuja Afrika, akafanya kazi ya utafiti wa madini katika Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha katikati ya miaka ya 1930 akaingia Tanganyika kuitumikia kampuni moja ndogo iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kati ya Mwanza na Shinyanga.

Almasi za Mabuki zilikuwa chache, na faida yake haikuwalipa wenye mali. Kampuni ile ilipokata tamaa, Williamson hakuondoka. Alichukua haki za kuendelea na kazi kwa nafsi yake, akaanza kutafuta. Alikuwa na elimu, lakini hakuwa na fedha. Aliishi kwa mikopo, mara nyingi akiugua homa ya malaria, akizunguka katika nyika na mashamba ya Wasukuma, akichimba vishimo vidogo, akiosha mchanga na kuutazama punje kwa punje. Mtafuta almasi hatafuti almasi kwanza. Hutafuta punje za mawe mengine yanayofuatana na almasi, kwa maana yote hutoka katika mwamba mmoja uitwao kimberlaiti. Mwamba huo ulipanda zamani sana kutoka kina kirefu cha dunia, mfano wa bomba lililosimama wima. Anayezifuata punje hizo kwa subira, akiona zinaongezeka, hujua kwamba anaukaribia mdomo wa bomba.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Walikuwapo wachimbaji Waafrika waliobeba sululu, waliochota maji, waliochekecha mchanga juani. Vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya Williamson vyamtaja yeye na mbuyu uliokuwa karibu na mahali pa ugunduzi. Wale walioshika sululu hawatajwi kwa majina. Masimulizi ya siku yenyewe ya ugunduzi ni ya namna nyingi, na kila msimulizi ana yake. Lililo hakika ni kwamba mwezi wa Machi 1940, mahali paitwapo Mwadui, ilipatikana almasi iliyotoka katika bomba la kimberlaiti ambalo eneo lake juu ya ardhi ni kiasi cha hekta 146. Katika mabomba ya almasi yaliyochimbwa kwa faida duniani, hilo ni miongoni mwa yaliyo makubwa kabisa.

Mtu yule aliyekuwa akikopa unga na mafuta ya taa akawa, katika miaka michache, mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika. Mwaka 1942 iliundwa kampuni ya Williamson Diamonds. Aliyemsaidia tangu siku za dhiki, mwanasheria wa Mwanza aitwaye Iqbal Chand Chopra, alipata fungu lake katika kampuni hiyo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikipiganwa, na viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia vyuma, mbali ya zile za mapambo. Katika nyika ya Mwadui ukajengwa mji mzima: nyumba, hospitali, shule, mitambo, uwanja wa ndege, na ukuta wa ulinzi ulioizunguka mali. Maelfu ya watu walipata kazi. Lakini, kama ilivyokuwa desturi ya nchi za kikoloni, makazi ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika yalikuwa mbalimbali, na mishahara yao ilikuwa mbalimbali vilevile.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka ule. Ilipokatwa na kusuguliwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 mafundi wa Cartier wakaiweka katikati ya bizimu ya umbo la ua. Watu wengi wa Ulaya walilisikia jina la Mwadui kwa ajili ya ua hilo. Nasi twaomba wasomaji waiangalie safari ya jiwe lile. Lilichimbuliwa Shinyanga, likakatwa London, likapambwa na mafundi wa Ulaya, likavaliwa na Malkia. Katika safari hiyo yote, sehemu iliyokuwa ya Shinyanga ni shimo peke yake.

Sasa twafika katika sehemu ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana vijijini, nayo ndiyo iliyo kubwa. Siku zile, almasi karibu zote za dunia ziliuzwa kwa njia moja tu. Shirika la De Beers, lililokuwa chini ya ukoo wa Oppenheimer wa Afrika ya Kusini, lilikuwa limejenga mfumo wa kununua almasi kutoka kwa wachimbaji wote, kuziweka ghalani London, na kuziachia sokoni kidogo kidogo ili bei isishuke. Kila mchimbaji alipewa kiasi chake cha kuuza. Aliyezidisha alionekana adui, maana mali ikizidi sokoni bei yaanguka.

Williamson alikuwa na bomba kubwa, lisilo na deni, mali yake mwenyewe. Twaweza kudhani kwamba mtu wa namna hiyo hamwogopi mtu. Kwa muda alisimama imara kweli. Alitaka fungu kubwa zaidi na bei bora zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mapatano yalipokwama, alizuia almasi zake zisiende kwa wanunuzi wa London, akazirundika Mwadui. Serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi, kwa sababu almasi isiyouzwa haitoi kodi, na hazina ya Tanganyika ilikuwa imekwisha kuizoea kodi hiyo. Mwishowe yakafanyika mapatano mapya, na almasi za Mwadui zikarudi kupita njia ileile ya London. Alipata masharti yaliyo bora kuliko ya kwanza, lakini mlango wenyewe hakuuvunja.

Wasomaji watatambua hapa jambo lenyewe tunalotaka kulieleza. Williamson alikuwa na jiwe, lakini hakuwa na soko. Alikuwa na shimo, lakini hakuwa na kiwanda cha kukatia. Mwenye mali ya namna hiyo, hata awe tajiri wa kuogofya, bado hukaa mlangoni pa mwingine akingojea kuitwa. Na serikali inayomtegemea mtu wa namna hiyo hukaa nyuma yake katika foleni ileile.

Lililompata mtu huyo mmoja ndilo lililozipata nchi nzima zenye mafuta na gesi. Mwezi wa Septemba 1960 nchi tano, yaani Iran, Irak, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela, zilikutana Baghdad zikaunda umoja wa nchi zinazouza mafuta, OPEC, kwa sababu makampuni makubwa ya ng'ambo yalikuwa yakishusha bei bila ya kuwauliza wenye visima. Umoja huo ulizipa nchi hizo nguvu ambayo Williamson hakuwa nayo. Hata hivyo haukuziponya na ugonjwa wa pili, ambao ni kutegemea kitu kimoja. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa mwaka 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Mafuta ya ardhini hayakupungua kwa sababu hiyo, wala wafanyakazi hawakuwa wavivu. Ilibadilika bei tu, na pamoja nayo bajeti, mishahara na thamani ya sarafu katika nchi zile zilizokuwa hazina kitu kingine cha kuuza. Uchumi wa Nigeria uliporomoka mwaka 2016. Venezuela, yenye akiba ya mafuta inayohesabiwa kuwa kubwa kupita zote duniani, iliingia katika dhiki iliyowafanya mamilioni ya watu wake waikimbie nchi yao.

Tena Nigeria yatupa mfano ulio wa ajabu zaidi. Mafuta yake yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Kwa miongo mingi iliuza mafuta ghafi kwa wingi, huku ikinunua petroli kutoka ng'ambo, kwa sababu mitambo yake ya kusafishia ilikuwa haifanyi kazi vizuri. Kiwanda kikubwa cha Dangote, karibu na Lagos, kilianza kutoa petroli mwaka 2024 tu. Nchi yenye visima iliishi miaka mingi ikipanga foleni kwenye vituo vya mafuta. Je, hiyo si sawa na mtu mwenye ng'ombe mia ambaye hununua maziwa kwa jirani?

Turudi kwa Williamson. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Alipatwa na ugonjwa wa kansa ya koo, akafa mwezi wa Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50. Mali ikaangukia kwa ndugu zake, na mwaka uleule mgodi ukauzwa. Nusu ikachukuliwa na De Beers, na nusu na Serikali ya Tanganyika. Hivyo wale aliokuwa akivutana nao maisha yake yote wakaingia katika nyumba yake kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi. Hatusemi kwamba ilikuwa hila. Twasema tu kwamba mali isiyoandaliwa mrithi hurithiwa na aliyekuwa karibu na mlango.

Mgodi uliendelea, na katika miaka ya 1960 ulifikia kilele cha uzalishaji wake. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, almasi za Mwadui zilikuwa zinaongoza katika madini yaliyouzwa nje. Kisha mapato yakaanza kupungua mwaka hata mwaka. Mwamba wa Mwadui ni mkubwa lakini almasi zake zimetawanyika: katika tani mia za mwamba hupatikana kiasi cha karati sita tu. Sehemu iliyo tajiri ni ile ya juu, nayo ndiyo iliyochukuliwa kwanza. Mgodi ukapita mikononi mwa Serikali. Katika miaka ya 1990 De Beers wakarudi kuwa na hisa kubwa. Mwaka 2009 wakaingia Petra Diamonds wenye hisa 75 kwa mia. Mwaka 2021 yakafanyika mapatano ya kuiongezea Serikali hisa mpaka 37 kwa mia. Na mwezi wa Januari 2025 Petra nao wakatangaza kuiuza sehemu yao. Katika miaka hiyo yote, bomba lile limetoa takriban karati milioni ishirini.

Kuna mwezi mmoja katika habari hizi ambao twaomba usisahauliwe. Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipofunga maduka na viwanja vya ndege duniani, soko la almasi lilizimika, na mgodi wa Mwadui ukasimamisha kazi. Mwezi uleule, katika soko la Marekani, bei ya mafuta ya kukabidhiwa mwezi uliofuata ilishuka chini ya sifuri kwa siku moja, yaani mwenye mafuta alikuwa tayari kumlipa mtu ili amwondolee mzigo. Mchimbaji wa Shinyanga na mchimbaji wa Texas hawajuani, wala hawasemi lugha moja. Lakini siku ile walikuwa ndugu, maana wote wawili waliamka wakakuta kwamba mali yao ni ileile, na thamani imeondoka.

Mwaka 2021 Mwadui ilipoanza tena kazi, lilipatikana jiwe jingine la rangi ya waridi, la karati 32.32, likauzwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Lilikatwa likabaki karati 11.15, na mwezi wa Oktoba 2022 likauzwa katika mnada wa Hong Kong kwa dola milioni 57.7, zaidi ya mara nne ya bei ya ughafi. Hatusemi kwamba tofauti yote ilikuwa faida tupu. Kukata jiwe la namna ile ni kazi ya hatari na gharama, na kosa moja laweza kuliharibu. Lakini ndiyo maana twasema: mshahara mkubwa uko kwenye ufundi. Tangu ua la Malkia mpaka mnada wa Hong Kong ilipita miaka sabini kasoro, na ufundi wa kukata mawe ya namna ile ulikuwa bado haujahamia Shinyanga.

Kwa upande mwingine, na tulinganishe na pamba. Katika miaka ileile ambayo Williamson alikuwa akijenga ukuta kuzunguka Mwadui, wakulima wa Usukuma walikuwa wakijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Ndugu Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Wakulima waliitaka mizani yenyewe, kisha wakazitaka mashine za kuchambulia pamba. Fedha ya pamba ilikuwa ndogo mkononi mwa kila mmoja, lakini iliingia katika mikono maelfu kwa maelfu, ikanunua majembe, baiskeli, na karo ya watoto. Pamba nayo ilikuwa na bei iliyopangwa ng'ambo, nayo ilianguka mara nyingi. Lakini mkulima wa pamba alikuwa na mtama na ng'ombe wake. Bei ilipoanguka, hakufa njaa siku ileile. Mgodi wa almasi hauna mtama pembeni.

Mtu asidhani kwamba twasema madini ni laana. Wapo walioyatumia vizuri. Botswana iligundua almasi za Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru wake, ikashirikiana na De Beers nusu kwa nusu, ikajenga shule, barabara na hospitali kwa uaminifu ambao Afrika nzima huusifu. Hata hivyo, mwaka 2024, almasi zitengenezwazo viwandani zilipozidi kushusha bei ya zile za ardhini, na wanunuzi walipopungua, uchumi wa Botswana ulisinyaa. Hata mtunzaji mwema, akiwa na ghala moja tu, huona dhiki ghala hilo likivuja.

Norway ilipata mafuta ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1969. Haikuyala yote. Mwaka 1990 ilitunga sheria ya kuanzisha mfuko wa akiba, fedha ya mafuta ikawekwa humo na kununulia mali nje ya nchi, na serikali ikajiwekea kanuni ya kutumia faida tu, bila ya kugusa mtaji. Wanorway walikuwa na viwanda, meli na uvuvi kabla ya mafuta, hilo liliwasaidia. Lakini ilihitaji moyo vilevile kuiacha fedha ghalani wakati wapiga kura wanaiona.

Sisi wenyewe tuna gesi. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme wa kutumika humu nchini. Gesi iliyo ardhini na chini ya bahari yetu yahesabiwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, na mipango ya kuiyeyusha huko Lindi na kuisafirisha ng'ambo imekuwa ikizungumzwa kwa miaka mingi. Gesi iwashayo taa na kuendesha kiwanda hapa nyumbani huzaa kazi nyingine. Gesi itakayopakiwa melini italeta fedha, nayo fedha ni njema. Lakini itakuja pamoja na bei ya wengine. Anayetaka kuielewa Lindi ya kesho na aisome Mwadui ya jana.

Na sasa turejee katika ukanda wa dhahabu. Mwaka 2023 Tanzania iliuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 3, na hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya thamani ya bidhaa zote tulizouza nje. Basi, ingawa hatuna visima vya mafuta, tumekwisha kuingia katika njia ileile. Watu wa Geita wana sababu ya kukumbuka. Mgodi mkubwa wa Geita uliofanya kazi tangu siku za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya haukufunguliwa mpaka mwaka 2000. Kwa miaka thelathini na minne, waliokuwa wakiishi kwa mgodi walilazimika kuishi kwa jembe na nyavu. Karibu zaidi na Runzewe, upande wa Biharamulo, mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 kampuni iliyoufungua ikaona kazi yake imekwisha, mgodi ukachukuliwa na shirika la taifa. Miaka minane! Mtoto aliyezaliwa siku mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi wenye mgodi walipofunga mizigo.

Zipo hatua njema zilizochukuliwa. Sheria ya mwaka 2017 iliipa Serikali hisa zisizopungua 16 kwa mia katika migodi mikubwa. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, ili mchimbaji mdogo apime na kuuza hadharani badala ya gizani. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafishia dhahabu kilizinduliwa Mwanza, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanya biashara wametakiwa kutenga 20 kwa mia ya dhahabu yao isafishwe nchini na kununuliwa na Benki Kuu. Tukiyapima hayo kwa maisha ya Williamson, twaona kwamba yanagusa palepale alipokwama: mizani, kiwanda na ghala. Lakini yanagusa tu, bado hayajashika. Dhahabu nyingi ingali yaenda nje, na vijana wengi wa maduara hawana akiba yo yote zaidi ya nguvu za mikono yao.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu wa Runzewe, wachimbaji kwa wafanya biashara, mambo matatu. La kwanza, shilingi ya dhahabu isiishie katika dhahabu. Bukombe ina mashamba ya mahindi, mpunga na tumbaku, na misitu yake ina asali. Aliyepata fungu jema katika duara na aligeuze sehemu yake kuwa shamba, mashine ya kukoboa, ng'ombe, au elimu ya mtoto, kabla bei haijageuka. La pili, ufundi uthaminiwe kuliko bahati. Kijana anayejua kupima, kuchoma vyuma, kutengeneza pampu na kuweka hesabu atakuwa na kazi hata duara likikauka. Anayejua kungojea tu bahati atahama nayo toka kijiji hata kijiji. La tatu, wachimbaji na waungane. Williamson, pamoja na mamilioni yake, alisimama peke yake mbele ya wanunuzi wa London, na mwishowe akarudi katika njia yao. Wakulima wa pamba, wasio na kitu, waliungana wakaipata mizani.

Nao walioshika madaraka ya mkoa na wilaya twawaambia hivi: kodi itokanayo na mgodi ni mali ya kuuza urithi, si mavuno. Mavuno hurudi mwaka wa pili, mwamba haurudi. Fedha ya urithi ikitumika kulipia posho na magari, siku mgodi utakapofungwa kutabaki magari mabovu. Ikitumika kujenga shule ya ufundi, bwawa la maji, na barabara ya kutolea mazao, itabaki nchi.

Williamson alikuwa mtu wa subira, wa elimu, na wa ushupavu ambao hata waliompinga waliukiri. Alitafuta miaka mingi katika jua la Usukuma, akapata alichokitafuta. Lakini bomba la Mwadui lilikuwa refu kuliko maisha yake, na soko la London lilikuwa na nguvu kuliko bomba lake. Ukuta alioujenga ulizuia wezi; haukuzuia bei. Waliokuja baada yake wamekuwa wakichimba kwa kina zaidi ili kupata kidogo zaidi. Na Runzewe, wakati dhahabu ingalipo na bei ingali nzuri, ndio wakati wa kuanza kazi ile ambayo Mwadui haikuianza mapema.